Noti Mpya za Mwaka wa Uchaguzi

Keshia huyajua mengi ya nchi kabla hayajaandikwa gazetini, kwa sababu fedha hupita mikononi mwake. Mimi nilikaa kwenye kaunta ya benki mjini Mombasa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na mwaka ninaotaka kuueleza kwa urefu ni 1992. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini. Ulikuwa pia mwaka ambao noti za shilingi mia tano zilitujaa droo zikiwa mpya kabisa, hazijakunjwa hata mara moja.

Noti kuwa mpya si ajabu. Benki Kuu huchapisha noti kila mara ili kuondoa zilizochakaa. Kilichonishtua ni njia zilizopitia. Kwa kawaida noti mpya hutoka Benki Kuu, ikaja kwetu, ikatoka kwenye kaunta yetu kwenda kwa watu, na inaporudi huwa imeshachoka. Miezi ile ya mwisho ya 1992 zilikuwa zikituingilia kutoka mitaani. Mama muuza samaki analeta mia tano inayong'aa. Baada ya muda anakuja utingo wa matatu na nyingine, nikitazama nambari naona zinafuatana. Watu wawili wasiojuana, biashara mbalimbali, nambari zimepishana moja. Maana yake ni kwamba bunda zima lilifunguliwa mahali fulani, ukanda wa karatasi ukakatwa, na noti zikagawiwa watu waliosimama kwenye foleni.

Siku moja waliingia wanaume watano kutoka upande wa Likoni, wakajipanga mbele yangu pamoja. Walikuwa na noti moja. Mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya kiua, ndiye aliyeishika.

"Dada, tuvunjie hii. Tunataka mia mia."

Nikamwuliza kwa nini hawakuivunja dukani.

"Duka gani la kwetu lina chenji ya mia tano? Na hawa hawaniamini nije peke yangu." Wenzake wakacheka. "Tumepewa mkutanoni, tugawane. Mkono mtupu haulambwi."

Nikawapa mia mia zao. Yule mzee akaikunja yake mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kura ni siri na yeye anajua atakachofanya. Alikuwa ametulia kabisa. Kwa hesabu yake, alikuwa amekula cha mgombea bila kutoa chochote.

Nimemkumbuka mzee yule kwa miaka mingi kwa sababu hesabu yake ndiyo ya Wakenya wengi, na ilikuwa na kosa. Mia ile haikuwa ya mgombea. Ilikuwa yake mwenyewe, imetolewa kwenye akiba yake na mshahara wa wanawe, na angeanza kuilipa kabla mwaka uliofuata haujafika katikati.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mnamo Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada mikubwa kwa serikali ya Rais Moi. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A cha Katiba, kilichokuwa kimeifanya KANU chama pekee halali, kikaondolewa. Chama kilichozoea kushinda bila mpinzani sasa kilitakiwa kuomba kura, na kuomba kura nchi nzima ni ghali. Hapo ndipo lilipojitokeza kundi la vijana la kuipigia KANU kampeni, YK'92, likiongozwa na Cyrus Jirongo. William Ruto, aliyekuja kuwa Rais, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Kundi lile lilijulikana kwa kugawa fedha hadharani kiasi kwamba noti ya mia tano, ambayo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote wakati huo, wananchi waliibatiza jina la mwenyekiti wake. Mteja alikuja kaunta akasema anataka kuvunja "Jirongo", na sote tulielewa.

Kuhusu kundi hilo yamesemwa mengi na mahakamani yamethibitishwa machache, nami sitaongeza langu. Nitaeleza mifereji ambayo fedha za umma zilipitia miaka ile, kwa kuwa mingine ilifukuliwa na tume ya uchunguzi.

Mfereji mkubwa ni ule ulioitwa Goldenberg. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwatia moyo watu wauze bidhaa nje ya nchi: ukiuza nje, ukaleta fedha za kigeni nyumbani, Hazina inakuongezea asilimia 20 ya thamani ya mauzo yako. Mpango wenyewe ulikuwa wa busara. Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg International, ya kijana mfanyabiashara Kamlesh Pattni, iliomba ruhusa ya kuuza nje dhahabu na vito. Iliomba pia iwe peke yake katika biashara hiyo na ilipwe asilimia 35. Ikakubaliwa. Miongoni mwa wakurugenzi wake alikuwa James Kanyotu, mkuu wa ujasusi wa nchi.

Sasa fikirini. Kenya haina migodi ya almasi. Dhahabu yake wakati ule ilikuwa ya wachimbaji wadogo wa upande wa Nyanza na Magharibi, wanaochimba kwa mikono. Lakini fomu zilikuja zikionyesha dhahabu na almasi zimeuzwa ng'ambo, zikapigwa mihuri, na nyongeza ikalipwa. Hapakuhitajika kuvunja mlango wala kubeba gunia. Karatasi ilitosha: tangazo la mauzo, saini ya ofisa, muhuri, hundi.

Halafu palikuwa na mkopo wa kabla ya kusafirisha bidhaa. Mfanyabiashara mwenye oda kutoka nje alikopeshwa kwa riba nafuu ili aandae shehena, na benki iliyomkopesha ikarudishiwa fedha na Benki Kuu. Nao huu ukachukuliwa kwa shehena zisizokuwepo.

Na kuna mfereji ambao sisi watu wa benki tuliuona kwa karibu zaidi kuliko mwananchi wa kawaida. Kila benki ya biashara huweka akaunti Benki Kuu. Jioni hundi zinapolinganishwa, benki hii ikiwa inadaiwa na ile, fedha huhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Ikiwa akaunti yako haitoshi, hundi zako zingepaswa kurudi, na benki inayorudisha hundi kila siku hufungwa. Miaka ile zilikuwepo benki zenye wenyewe wakubwa ambazo akaunti zao zilikauka na bado hundi zao zikapita. Yaani Benki Kuu ilikuwa inazikopesha bila kuliita jambo lile mkopo. Shilingi zilizotoka hivyo hazikutoka kwenye kodi wala akiba ya mtu. Zilizaliwa pale pale, kwa kalamu.

Ndiyo sababu naona watu hukosea wanapodhani fedha za uchaguzi ziliibwa kutoka sanduku fulani, kwamba mahali fulani palibaki pengo. Pengo lingeonekana haraka. Hizi zilikuwa shilingi mpya juu ya zile zilizokuwepo, na mali nchini ilikuwa ile ile: magunia yale yale ya mahindi, sukari ile ile ya Mumias, nyumba zile zile za kupanga. Ukizidisha maji kwenye mchuzi kila mtu atapata bakuli lililojaa, lakini samaki hajaongezeka.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, wapinzani wake wakiwa wamegawana zilizobaki: Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga. Wapiga kura karibu wawili kati ya watatu walimkataa, na bado akaapishwa. Sitasema kwamba fedha peke yake zilimpa ushindi, maana mgawanyiko wa upinzani ulimsaidia kuliko noti yoyote. Lakini katika kinyang'anyiro ambacho kura zimegawanyika hivyo, hata asilimia chache za kununuliwa zina uzito mkubwa.

Kisha bili ikaja. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Kilichonunuliwa kwa shilingi 1,000 mwaka 1992 kilitaka, kwa wastani, karibu 1,460 mwaka 1993. Mwaka 1992 dola moja ilikuwa wastani wa shilingi 32. Mwaka uliofuata wastani ukawa 58. Mafuta ya taa, dawa, vipuri, kila kinachotoka nje kikapanda, na vya ndani vikafuata kwa sababu lori linalobeba kabeji kutoka bara linakunywa dizeli ile ile.

Nyumbani kwangu sukari ya kilo ikawa ya nusu kilo. Mshahara wangu haukuguswa. Kazini niliwaona wazee wa vitabu vya akiba, watu waliokuwa wakiweka kidogo kidogo kwa ajili ya kwenda Hija au kumalizia nyumba, wakija kutoa zote wakanunue mabati kabla hayajapanda tena. Mama mmoja alinisukumia kitabu chake chini ya kioo akaniuliza kama kuna mtu aliyechota kwenye akaunti yake. Nikamwonyesha mistari yote. Fedha zilikuwa kamili, shilingi kwa shilingi, na faida juu. Aliniangalia kama mtu anayedanganywa, na sikuwa na namna ya kumweleza, huku foleni ikiwa ndefu nyuma yake, kwamba kweli amechotewa, ila hapa kwenye kitabu haitaandikwa kamwe.

Hiyo ndiyo kodi isiyo na risiti. Mgombea hakukuomba, Bunge halikuipitisha, na iliwaumiza zaidi wale wasio na kitu isipokuwa noti mkononi. Mwenye ardhi, mwenye dola, mwenye ghorofa ya kupangisha, mali yake ilipanda bei pamoja na vingine.

Na haikuishia hapo. Ili kuziondoa shilingi zile zilizozidi mitaani, serikali ilibidi izikope. Katikati ya 1993 riba ya hati za Hazina za siku 91 ilivuka asilimia 70 kwa mwaka. Naomba msomaji asome tena tarakimu hiyo. Aliyekuwa na mamilioni taslimu, awe ameyapata kwa halali au kwa fomu ya dhahabu isiyokuwepo, aliweza kuikopesha serikali fedha zake akalipwa riba ambayo hakuna duka wala shamba lingempa. Riba hiyo ililipwa kutoka kwenye kodi. Kwa hiyo mwananchi alilipa bei zilipopanda, akalipa tena kodi ilipotumika kulipia riba, na wakati huo huo mfanyabiashara mdogo aliyekuja kwetu kuomba mkopo aliondoka bila kitu, kwa kuwa benki gani ingemkopesha yeye wakati Hazina inalipa asilimia 70?

Mwezi Julai 1993 aliletwa gavana mpya wa Benki Kuu, Micah Cheserem, akaanza kufunga milango iliyokuwa wazi. Exchange Bank, iliyokuwa ya watu wa Goldenberg, ikafungwa. Kuna wenzetu waliopoteza kazi katika benki zilizoanguka miaka ile, na hawakuwa wezi. Walikuwa makarani kama mimi.

Nikisema makarani, namfikiria David Munyakei. Sikuwahi kukutana naye, ingawa kwa muda tuliishi mji mmoja. Alikuwa karani kijana katika Benki Kuu Nairobi, kazi yake ikiwa kushughulikia nyaraka za mauzo ya nje. Aliona karatasi za kampuni moja zinapita kwa namna isiyo ya kawaida, malipo juu ya malipo, na hakuna dalili ya fedha za kigeni kuingia. Mimi niliona nambari zinazofuatana na nikanyamaza kama wenzangu wote. Yeye alitoa nakala, zikafika kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 Bunge na nchi vikajua. Alikamatwa akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka hayakusimama, lakini kazi alifukuzwa. Akahamia Mombasa, akasilimu, akaoa, akaishi kwa vibarua. Shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu mwaka 2004. Alifariki mwaka 2006, maskini, wakati waliotajwa katika ripoti wakiwa bado na mawakili wazuri.

Ripoti ninayoisema ni ya tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003 baada ya KANU kuondoka madarakani; ripoti yenyewe ilitangazwa hadharani mwaka 2006. Vikao vyake vilionyeshwa kwenye televisheni na watu walivifuatilia kama mechi. Kesi zikafunguliwa, zikakwama, zikafufuliwa, zikakwama tena. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisimamisha mashtaka dhidi ya Pattni, na jaji aliyetoa uamuzi huo baadaye aliondolewa kazini. Kwa wizi wa ukubwa ule, hakuna kigogo aliyefungwa. Jambo hili linanikasirisha hadi leo na sioni sababu ya kulificha.

Fedha ya umma inaweza kununua kura hata bila noti kugawiwa. Uchaguzi uliofuata, wa Desemba 1997, dada yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Oktoba mwaka ule walimu waligoma, na serikali, ikiwa na wiki chache tu kabla ya kura, ilikubali kuwaongeza mshahara kati ya asilimia 150 na 200, ulipwe kwa awamu ndani ya miaka mitano. Ikachapishwa rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Dada yangu aliniletea nakala ya jedwali, ameipigia mstari kwa wino mwekundu alioutumia kusahihishia madaftari, daraja lake na kiasi chake mwaka hadi mwaka. Alikuwa ameshaamua mtoto yupi aende shule gani.

Awamu ya kwanza ililipwa. Kura zikapigwa, KANU ikarudi, na mwaka 1998 serikali ikasema fedha za awamu zilizobaki hazipo. Walimu wakagoma tena bila mafanikio. Ahadi ile ikaburutwa kwa miaka. Walimu waliokuwa wamestaafu kabla ya kulipwa chote walikwenda Mahakama Kuu ya Nakuru wakashinda mwaka 2008, na bado ikawa safari ndefu ya kudai pensheni. Wengine walikufa kabla ya kuona senti.

Walimu walistahili nyongeza, hilo sibishani na mtu. Waliotia saini walipaswa kujua hesabu ya Hazina siku ile ya Oktoba kama walivyoijua mwaka uliofuata. Hazina haikufilisika ghafla kati ya Desemba na Januari. Walitoa hundi juu ya akaunti wanayoijua kuwa tupu, na mtu wa kawaida akifanya hivyo kwenye kaunta yangu ni kosa la jinai.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Katiba ya 2010 iliweka ofisi ambayo mimi, kama mtu wa benki, naiona kuwa miongoni mwa mambo ya maana kuliko yote yaliyomo: Msimamizi wa Bajeti. Hakuna fedha inayotoka kwenye mfuko mkuu wa serikali bila idhini yake, naye haruhusiwi kuidhinisha isipokuwa sheria inaruhusu matumizi hayo. Kwa lugha ya kaunta, huyu ndiye saini ya pili kwenye hundi.

Lakini Katiba hiyo hiyo ina kifungu cha 223, kinachoiruhusu serikali kutumia fedha kwanza na kuomba kibali cha Bunge baadaye, ndani ya miezi miwili, pakiwa na haja ambayo haikutengewa fedha au iliyotengewa zisizotosha. Kiasi chake kisizidi asilimia 10 ya zile zilizoidhinishwa mwaka huo. Kifungu kina maana: mafuriko hayangoji bajeti. Sasa tazameni kalenda. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Uchaguzi wetu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Yaani bajeti mpya hufunguliwa ikiwa nzima, wiki tano au sita kabla ya kura. Na Bunge, ambalo lingepaswa kuuliza maswali, liko mashinani linaomba kuchaguliwa upya. Miezi miwili ya kuomba kibali inapotimia, Bunge jingine limeapishwa.

Hili si la kubuni. Mwanzoni mwa 2023 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliieleza kamati ya Bunge la Taifa kwamba siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 alishinikizwa kuidhinisha takriban shilingi bilioni 15 chini ya kifungu hicho. Takriban bilioni 6 zilikuwa za serikali kununua hisa za kampuni ya simu ya Telkom Kenya. Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kununua hisa za kampuni ya simu. Kilichonishinda ni kuona ni mafuriko gani yaliyofanya zinunuliwe wiki ile.

Ruzuku ya unga ni ngumu zaidi kuihukumu, na nitaieleza kwa haki. Tarehe 20 Julai 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi itashuka kutoka shilingi 205 hadi 100, kwa wiki nne. Watu walikuwa wameumia kweli. Ukame ulikuwa umekausha mashamba na vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha nafaka dunia nzima. Njaa haingoji uchaguzi upite. Nilikwenda duka la karibu na kwangu asubuhi iliyofuata, na siku nyingine tena, na mwenye duka akaniambia, "Mamangu, huo unga wa mia nami nimeusikia redioni." Maeneo mengine ulipatikana, mengine haukuonekana. Tarehe 13 Septemba, akiapishwa, Rais Ruto alisema ruzuku ile ilikuwa imemeza bilioni 7 katika mwezi mmoja bila matokeo, na ikakoma.

Ilikuwa huruma au ilikuwa kampeni? Mimi hutumia kipimo ambacho keshia yeyote angekitumia kwa mteja. Je, ilipangwa kwenye bajeti, wakati bei zilikuwa zinapanda tangu mwaka uliotangulia? Inaisha lini, na kwa nini siku hiyo? Wiki nne kuanzia tarehe 20 Julai zinaishia tarehe 17 Agosti, siku nane baada ya kura. Mwenye njaa haishi kwa kalenda ya Tume ya Uchaguzi.

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kutumia rasilimali za umma kufanyia kampeni, na kifungu chake cha hongo kinamwadhibu anayemhonga mpiga kura katika kipindi cha uchaguzi. Kipindi hicho huanza Tume inapotangaza uchaguzi kwenye Gazeti la Serikali. Barabara iliyomwagiwa changarawe mwaka mmoja kabla, basari zilizozuiliwa miaka mitatu zikagawiwa zote muhula mmoja, vibarua wa kaunti walioajiriwa kwa mkataba unaokwisha Agosti, hayo yote hutokea kabla ya saa ya sheria hiyo kuanza kuhesabu. Zipo sheria nyingine za rushwa na za usimamizi wa fedha za umma, na zinaweza kutumika, lakini hizo zinataka mtu aonyeshe kwamba utaratibu ulivunjwa, na mjanja wa leo havunji utaratibu. Ana hati zote. Sheria ya kudhibiti gharama za kampeni ilipitishwa mwaka 2013, ikaahirishwa kabla ya uchaguzi wa 2017, na mwaka 2021 Bunge lilikataa kanuni zake, kwa hiyo 2022 tulikwenda kwenye kura bila ukomo wa matumizi kwa mgombea yeyote.

Basi jicho linapaswa kuwa kwenye vitabu, na mapema. Vijana wa mtaa wetu huniuliza watakamataje wagawaji wa fedha mkutanoni, kwa simu na video. Wafanye hivyo, ni vizuri. Lakini noti ikishafika mkutanoni imeshachelewa. Deni lake limeshaandikwa. Katiba inamtaka Msimamizi wa Bajeti apeleke ripoti bungeni kila baada ya miezi minne, na ripoti hizo huwekwa wazi kwa yeyote, za serikali kuu na za kaunti zote 47. Ni ndefu na za kuchosha. Nimewafundisha wachache kuzisoma kama tulivyosoma vitabu vya wateja: usianze na jumla, tafuta mstari uliovimba ghafla bila sababu. Tafuta matumizi chini ya kifungu cha 223. Tafuta safari na ukarimu katika ofisi za wakubwa robo ya mwisho kabla ya kura. Linganisha vibarua wa kaunti mwaka huu na mwaka wa katikati ya muhula.

Jumanne ya pili ya Agosti 2027 ni tarehe 10. Bajeti yake itafunguliwa tarehe 1 Julai, siku arobaini kabla.